Miezi Kumi na Minne ya Upepo

Harithi Swalihu alipunguzwa kazi mwaka 1996, Jumatano moja ya mwezi Machi, pamoja na wenzake hamsini na mmoja wa Ranchi ya Chidewa. Ranchi ilikuwa ya shirika la umma, na ilikuwa imekwisha kufa siku nyingi, kifo cha mashirika ya miaka ile: ilianza kukosekana dizeli, ikafuata dawa ya kuogeshea ng'ombe, mwishowe wakakosekana ng'ombe wenyewe. Mnunuzi alipofika na funguo zake, kila mtu aliondoka na alichoweza kubeba. Mmoja alichukua viti viwili vya ofisi, mwingine alibandua mlango wa stoo. Harithi alibeba madaftari.

Yalikuwa ishirini na mawili, ya jalada gumu, kila mwaka na lake, na aliyakuta yamekwisha tupwa uani yakingoja kiberiti. Aliyajaza kwenye magunia mawili, akayapakia juu ya lori la mkaa hadi nyumbani kwake Chang'ombe, Dodoma mjini, akayasukumia chini ya kitanda. Ndani yake hamkuwa na kitu ila upepo. Tangu mwaka 1974, saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri, Harithi alikuwa akitoka kwenye kibanda cha hali ya hewa cha ranchi, anatembea mpaka kwenye nguzo, anasoma chombo cha vikombe vitatu kilichozunguka juu yake. Chombo kilikuwa na kihesabu kama kile cha kilometa ndani ya gari. Anasoma, anaandika, anatia sahihi. Kila mwisho wa mwezi nakala ilikwenda makao makuu ya shirika. Katika miaka yote ile halikupata kurudi jibu, hata la kumwambia kuwa mwandiko wake mbaya.

Baada ya ranchi alikaa barazani kwake akitengeneza redio na saa za ukutani. Alikuwa mjane. Mkewe, Khairat, alifariki mwaka 1988 na kumwachia binti mmoja, Shamila, ambaye sasa alikuwa fundi cherehani na ndiye aliyemtunza baba yake. Mtaani walimwita Mzee Saa. Wengi hawakujua kwamba aliwahi kuwa na kazi nyingine.

Agosti ya mwaka 2003, Land Cruiser yenye vumbi jekundu hadi kwenye vioo ilisimama mbele ya baraza. Akashuka dada wa miaka kama ishirini na minane, amevaa buti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Saa au redio?"

"Namtafuta Mzee Harithi, aliyekuwa akipima upepo ranchi ya Chidewa."

Harithi aliweka bisibisi chini. Hakuna mtu aliyewahi kumtafuta kwa jina la kazi ile.

Dada yule aliitwa Anitha. Alikuwa Mgogo wa Mvumi, injinia, na aliajiriwa na kampuni iliyotaka kusimamisha mitambo ya umeme wa upepo juu ya Mlima Chidewa, kilometa arobaini na kitu kaskazini ya mji, ukishaipita Msalato. Kampuni ilikuwa ya wawekezaji wa nje, waliokuja kama walivyokuja wengi miaka ile, na mabegi ya kompyuta na maswali mengi. Walikuwa wamekwisha simamisha mlingoti wa chuma wa mita arobaini kule mlimani, wenye vipima upepo vitatu, na mwaka mzima ulikuwa umetimia.

"Basi mnayo namba," Harithi alisema.

"Tunayo ya mwaka mmoja. Mwaka mmoja wa upepo, baba, ni kama mwaka mmoja wa mvua. Mgeni akija Dodoma mwaka uliojaa, atadhani mahindi yanajiotea huku. Benki inayotaka kukopesha mradi inauliza: huu mwaka mliopima ulikuwa mnono au mkonde? Nani atatujibu? Namba za uwanja wa ndege hazifanani na za mlimani hata kidogo. Nimetafuta miezi mitatu sasa. Juzi mlinzi wa ranchi ameniambia kuna mzee aliondoka na upepo ndani ya magunia."

Harithi alicheka, akaingia ndani. Akayaburuta magunia hadi barazani. Anitha alifungua daftari la kwanza, akapitisha kidole kwenye safu za tarakimu za wino wa bluu, akafungua la pili, la tatu. Kisha alisema, "Baba, unajua umelala juu ya nini?"

Tangu siku ile Harithi alirudi kazini. Kampuni ilimweka kuwa mwangalizi wa mlingoti, na kila Jumatatu gari lilimpitia. Shamila alimshonea shati la kaki lenye mifuko minne, akalivaa kama mtu aliyerudishiwa nyota zake begani. Wala hakuwa pambo pale. Wiki ya kwanza tu aliutazama mlingoti akasema kipima cha kati kimechoka, vumbi la nyanda hizi limekula gololi zake, kinazunguka kama mtu mwenye baridi yabisi. Vijana wa kampuni walibisha. Kiliposhushwa na kupelekwa kupimwa, kikaonekana kweli kinasoma pungufu. Akaonyesha tena kwamba mshale wa uelekeo ulifungwa kombo. Anitha akaamuru vyombo viwe vinashushwa na kusafishwa kila miezi mitatu, na kila kitakachobadilishwa kisimame kwanza pamoja na kipya, bega kwa bega, ili ijulikane kimoja kinamzidi mwenzake kwa kiasi gani.

"Benki haipendi kuambiwa upepo ni mzuri," alimweleza. "Inapenda kuambiwa tumekosea kwa kiasi gani. Kwa sababu upepo ukipungua sehemu moja ya kumi, baba, umeme haupungui moja ya kumi. Unapungua zaidi ya robo. Kosa dogo huku juu, kule chini mradi umezama."

Watu wa kijiji cha Chidewa waliufuata mlingoti ule kwa macho kila siku. Walikuwa na mashine moja ya kusaga iliyotumia dizeli na kuharibika kila mara, na kisima kirefu ambacho pampu yake ilikufa tangu enzi za ranchi. Mwenyekiti wao, Stanley, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya paredi, aliwaambia mkutanoni kwamba umeme ukija pampu itafufuka, na kina mama hawatakwenda tena makorongoni kufukua maji kwa vibuyu. Kila Harithi alipofika walimkaribisha kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!" na kumpa maziwa ya mgando. Walimwita Mzee wa Upepo. Alilipenda jina hilo kuliko Mzee Saa.

Kazi ya Anitha ilikuwa kuyaingiza madaftari ndani ya kompyuta na kuuoanisha upepo wa zamani na ule wa mlingoti. Aprili ya mwaka 2004 alimwita Harithi ofisini, kwenye chumba walichopanga mjini, akamwonyesha mistari miwili kwenye kioo, mwekundu na mweusi, inavyopanda na kushuka pamoja.

"Inakwenda kama mapacha," alisema. "Lakini nilikuwa na hofu moja. Miaka kumi na mitatu ya mwanzo ulitumia chombo cha zamani, siyo? Halafu mwaka themanini na saba kikaja kipya. Vyombo viwili tofauti ni mashahidi wawili wasiojuana. Nikasema hapa ndipo tutakapokwama. Nikafungua daftari la themanini na saba, nikakuta umeviweka vyote viwili, umesoma safu mbili! Tangu Machi mpaka Aprili ya mwaka uliofuata. Miezi kumi na minne! Nani alikufundisha, baba?"

"Maelekezo yalikuja na chombo," Harithi alijibu.

"Hii ndiyo dhahabu yangu. Hili ni daraja. Bila hii miezi, miaka kumi na mitatu yote iko ng'ambo ya mto."

Harithi aliomba maji, akanywa, akaaga. Alitembea kwa miguu mpaka Chang'ombe, jua la saa nane kichwani, na hakuwaona waliomsalimu njiani.

Ilikuwa hivi. Machi ya mwaka 1987, chombo kipya kilipowasili, Khairat alianza kutokwa damu. Ilikuwa saratani ya kizazi, nao hawakujua jina hilo mpaka ilipokuwa imechelewa. Alilazwa mjini, akatoka, akalazwa tena. Msaidizi wa Harithi, Kefa, alikuwa amehamishwa na hakuletwa mwingine. Harithi aliomba ruhusa kwa meneja, akaambiwa kituo kisipokuwa na msomaji kitafungwa, na msomaji wake atakwenda na kituo. Basi alifanya alivyoweza. Alivisimamisha vyombo vyote viwili kama karatasi ilivyosema, akadandia lori la maziwa, akaenda kumshika mkewe mkono. Alikaa siku tatu, siku tano, wiki mbili. Daftari alikwenda nalo. Pembeni ya kitanda cha wodi, Khairat akisinzia, alikuwa akiandika saa tatu, saa sita, saa tisa. Alikuwa ameujua upepo wa Chidewa kwa miaka kumi na mitatu. Alijua Julai unavumaje na Februari unanyamaza vipi. Aliandika tarakimu za heshima. Safu ya chombo kipya aliizidisha kidogo kuliko ya zamani, kila mara kiasi kilekile, kwa kuwa mkono wa mtu anayetunga hupenda usawa. Siku alizokuwapo kituoni alisoma kweli. Lakini hakuweka alama yoyote ya kutenga siku hizi na zile. Nani angesoma?

Alimweleza Shamila jioni ile, kabla ya kula. Hakuwahi kumwambia mtu.

Shamila aliacha kukata kitambaa. "Baba, ulimdhulumu nani? Ulikuwa unamuuguza mama yangu."

"Hawa watu wanajenga juu yake."

"Wanajenga juu ya mlima. Upepo si upo? Wewe mwenyewe husema upo. Nyamaza, baba. Miaka kumi na saba! Mambo mengine Mungu amekwisha kuyafunika, wewe unayafunulia nini?"

Akanyamaza. Mwezi Juni alikuja mtaalamu wa benki, Mzungu mpole mwenye miwani, aliyekwenda mlimani, akapanda mlingoti mwenyewe, akasifu vyombo vilivyo safi. Ofisini alipitia mistari ya Anitha kwa siku mbili. Akasema, na Anitha akatafsiri huku uso unamng'aa, kwamba hajaona mahali pengi Afrika penye kumbukumbu kama hii, na kwamba ile miezi kumi na minne ndiyo iliyokaa sawa kuliko yote. Kisha alitoa karatasi moja. Ilisema kwamba aliyetia sahihi hapa chini anathibitisha kuwa vipimo vyote alivisoma kwa macho yake, kituoni, kwa saa zilizoandikwa.

"Anauliza kama ulisoma mwenyewe," alisema Anitha.

"Nilisoma mwenyewe," alisema Harithi, akatia sahihi yake ileile ya madaftari, yenye mkia mrefu kwenye herufi ya mwisho. Mzungu alimshika mkono kwa mikono yote miwili.

Habari zikafika Chidewa kabla ya barua. Stanley aliitisha mkutano, akatangaza kwamba benki imeridhika na kwamba kaya kumi na tisa za mgongoni mwa mlima lazima zipishe mitambo. Kampuni ilikuwa imesema wazi kwamba atakayehama atajengewa nyumba ya matofali na bati kule bondeni, mkopo ukishatoka. Lakini Stanley alikuwa na haraka ya mtu aliyesubiri maisha yake yote. Akasema watakaohama mapema ndio watakaochagua viwanja karibu na nguzo ya kwanza ya umeme. Watu wakaanza kubomoa.

Harithi alikwenda Septemba kusafisha vyombo. Ulikuwa msimu wenyewe wa upepo, changarawe zinarushwa, mbuzi wanatembea vichwa chini. Alimkuta mzee Matonya, mtu wa miaka sabini na zaidi aliyezaliwa pale mgongoni, yuko juu ya tembe lake, nyumba ya udongo hadi paani, anang'oa mwenyewe nguzo za paa. Mkewe, Loisi, alikuwa anazipanga chini: mipingo, mikalala, miti migumu myeusi kwa moshi wa miaka mingi.

"Shikamoo, mzee," Harithi alimpigia kelele kutoka chini.

"Marahaba, Mzee wa Upepo! Tazama, mi nimekuwa wa kwanza." Kiswahili cha Matonya kilikuwa kizito, kinatembea polepole. "Nguzo hizi alikata babangu. Zinatoka nzima. Mchwa haijala hata moja."

"Mtalala wapi mpaka nyumba ijengwe?"

"Kwa shemeji yangu, bondeni. Mwezi mmoja, miwili. Mwenyekiti amesema kabla ya mvua." Akaicheka hofu ya mgeni wake. "Si wewe umeweka sahihi? Basi."

Ukuta wa kwanza ulisukumwa na wajukuu wawili, ukaanguka ndani, na upepo ukalichukua vumbi lake lote ukalitupa upande wa Kondoa.

Harithi hakupanda kwenye mlingoti siku ile. Alimwambia dereva amrudishe mjini. Alipoingia ofisini Anitha alikuwa anakula chipsi mezani, karatasi zimemzunguka.

"Mwanangu, funga mlango."

Akamwambia. Hakumaliza haraka; alirudia mambo ya lori la maziwa mara mbili, kana kwamba ndiyo yaliyohitaji kueleweka. Anitha mwanzoni alitabasamu, kama mtu anayesikiliza mzaha usiofika mwisho. Kisha akasukuma sahani pembeni.

"Siku ngapi, baba, kati ya hiyo miezi kumi na minne?"

"Nyingi kuliko nilizosoma."

"Na Juni ulitia sahihi."

"Nilitia."

"Kwa nini hukuniambia Agosti ile? Ningejua pa kushika. Au kama ni kunyamaza, kwa nini usingenyamaza moja kwa moja?"

"Nimemwona Matonya anabomoa nyumba."

Anitha alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Unajua, ningekuwa mtu mwingine ningekuambia toka, sikusikia kitu. Mitambo ingejengwa. Pengine ingezunguka vizuri tu, miaka ishirini. Pengine upepo ni mzuri kuliko ulivyoandika! Hatujui. Hilo ndilo... hatujui, baba."

"Basi fanya hivyo."

"Siwezi. Jina langu ndilo lililo chini ya ripoti. Ukishaniambia mimi, umeshaiambia benki."

Lakini hakupeleka habari siku ile. Alijaribu kuokoa kinachookolewa. Kwa siku nne walikaa na madaftari mawili, la 1987 na la 1988, wakitafuta siku za kweli. Anitha alisoma tarehe, Harithi akafumba macho na kujaribu kukumbuka alikuwa wapi. Siku ya sensa ya ng'ombe: alikuwapo. Siku daraja la korongo lilipokatika: alikuwapo, lori halikupita. Sikukuu ya Idi: hakuwapo. Baada ya hapo kulikuwa na mwezi mzima asioweza kuapa kwa siku hata moja. Wino ulikuwa uleule, mwandiko uleule. Uongo wake na ukweli wake vilikuwa na sahihi moja.

"Tarehe tisa Aprili themanini na nane," alisoma Anitha siku ya nne. "Saa tisa alasiri. Upepo mwanana, kusini mashariki."

Harithi alifumbua macho. "Hiyo ndiyo siku aliyofariki. Saa tisa kasoro. Nilikuja kuiandika baada ya mazishi." Akafikiri. "Sijui upepo ulivumaje. Madirisha ya wodi yalikuwa yamefungwa."

Anitha alilifunga daftari taratibu. Hawakuendelea.

Mwisho wa wiki alituma ripoti ya kusahihisha. Alieleza yote, akaomba benki ikubali angalau ile miaka minane ya mwisho. Lakini alikuwa mwaminifu mno, akaeleza pia kwamba miaka ile ranchi ilikuwa inakufa, chombo hakikupata vipuri wala grisi, na namba zake zinateremka mwaka hadi mwaka, na hakuna awezaye kusema kama ni upepo uliopungua au ni gololi zilizochakaa. Jibu lilikuja Oktoba, kurasa mbili. Mpimaji aliyekiri kubuni sehemu ya kumbukumbu, ilisema, hawezi kuthibitisha sehemu iliyobaki. Madaftari yote ishirini na mawili yamewekwa kando. Benki itakuwa radhi kuangalia upya mradi baada ya vipimo vya miaka mitatu zaidi.

Wawekezaji hawakuwa na miaka mitatu. Walikuwa na mlima mwingine, nchi nyingine, wenye kumbukumbu bora. Novemba waliuteremsha mlingoti kipande kwa kipande, wakaupakia kwenye lori. Mkataba wa Anitha ulikatwa. Alipata kazi Mwanza kwenye kampuni ya kusimamisha minara ya simu za mkononi, zilizokuwa zimeanza kuenea kila kona. Alipokuja kuaga hakuingia ndani, alisimama barazani.

"Sikuchukii, baba," alisema. "Nataka ujue hilo. Ila sitaki kukudanganya kwamba ulifanya vyema kuniambia. Hata sasa sijui."

"Hata mimi," Harithi alisema.

Kilichobaki ni Chidewa. Shamila alimkataza, akalia, akamwambia watampiga. Alikwenda kwa basi la Kondoa, akashuka njia panda, akatembea saa mbili. Stanley alikuwa amekwisha pata barua. Alimkuta ofisini kwake amekaa bila kufanya kitu, akamweleza kwa kinywa chake, mwanzo hadi mwisho.

"Wapigie simu uwaambie umekosea," Stanley alisema. Ile sauti ya paredi ilikuwa imekwisha. "Waambie ulipokiri ulikuwa mgonjwa. Mzee, watu wana homa. Waambie ulikuwa na homa."

"Hawatanisikia tena, mwenyekiti. Hata nikisema jua limechomoza."

"Nimewatoa watu kwenye nyumba zao mimi." Stanley aliinama, akashika kichwa. "Mimi! Kwa mdomo wangu huu."

Hakumpiga. Hakuna aliyempiga. Ingekuwa nafuu.

Kaya kumi na moja zilikuwa zimebomoa. Nane zilikuwa zimechelewa kwa uvivu au kwa mashaka, na sasa zilikaa chini ya paa zao zikiwatazama wenzao wakipandisha nguzo mlimani upya. Bondeni hawakuweza kubaki. Mashamba yalikuwa ya wenyewe, na shemeji wa Matonya alikuwa amekwisha anza kuhesabu vibaba vya unga. Harithi alimkuta mzee huyo mgongoni, anachimba mashimo ya nguzo palepale palipokuwa na tembe lake. Alivua shati la kaki, akaliweka juu ya jiwe, akashika jembe. Walichimba pamoja mpaka jioni.

Alilala shuleni, darasani, asubuhi akarudi. Siku tatu alikanyaga udongo na kubeba maji kutoka korongoni, debe kwa debe, mtu wa miaka hamsini na minane mwenye mikono ya kutengenezea saa. Loisi alimpa uji bila kumtazama. Siku ya pili Matonya aliuliza, wakiwa wamepumzika:

"Wale Wazungu. Wamesema upepo haipo?"

"Hawakusema haupo."

"Wamesema ipo?"

"Hawakusema upo. Wamesema hawajui."

Matonya alilamba kidole, akakiinua juu, akakishikilia hapo muda mrefu. Kisha akakishusha, akakifuta kwenye nguo yake, akarudi kazini.

Mvua ya kwanza ilikuja siku ya nne, saa kumi alasiri, kabla ya wakati wake. Paa lilikuwa limepangwa fito tu, udongo haujapandishwa juu, na kuta mbili za upande wa mashariki zilikuwa bado mbichi. Harithi na Matonya walizikinga kwa turubai na kwa migongo yao. Upepo ulilipindua turubai mara moja tu. Ukuta ulilainika kuanzia chini, ukakaa kama mtu aliyechoka, ukaenda na maji kuelekea korongoni. Wa pili ukaufuata. Wajukuu walikimbilia kuwatoa mbuzi. Loisi alisimama mvuani na sufuria mkononi, akitazama.

Mvua ilipokatika Harithi alianza kuzoa udongo kwa mikono, akiurundika mahali pamoja. Alikuwa anasema kwamba kesho watauchanganya na majani, kwamba Jumamosi atakuja na turubai kubwa zaidi, Shamila anaweza kushona mawili pamoja. Matonya alikuwa amekaa juu ya gogo, amempa mgongo. Loisi ndiye aliyemsogelea. Alimwokotea shati lake pale jiweni, akalikamua, akampa.

"Kesho usije, baba," alisema. "Wala Jumamosi."

Harithi alilipokea. Alingoja kama angesema zaidi, lakini mama yule alikuwa amekwisha geuka, anaokota fito zilizosombwa na maji, moja moja, na kuzipanga zikauke.